Pikipiki ya Mama Bobini Iliyoanza kwa Kurudi Nyuma

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Bobini ameketi uani juu ya kipande cha boksi, sikio lake karibu kabisa na injini. Hajaiwasha. Anazungusha puli kwa kidole, taratibu, huku akisikiliza mkanda unavyopita.

"Kuna kitu kinakwaruza," anasema. "Si kikubwa, lakini kipo."

Mumewe, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, hasikii kitu. Mwandishi naye hasikii kitu. Mama Bobini anachukua brashi ndogo, ile ile anayotolea vumbi la uzi ndani ya cherehani, anasugua mahali fulani chini ya puli, anazungusha tena, kisha anaguna kwa kuridhika.

Leo hana mchezo na mtu. Saa nne anatakiwa awe mbele ya mkaguzi wa vyombo vya moto, na chombo anachompelekea hakikutoka kiwanda chochote. Amekiunda mwenyewe kwa miezi minane: injini ya pampu ya maji, fremu ya baiskeli iliyoongezwa mabomba, magurudumu ya pikipiki mbili zisizojuana, na vitu vingine ambavyo ukimwuliza alivitoa wapi anacheka kwanza ndipo akujibu.

Mkaguzi akisema ndiyo, Mama Bobini atarudi kwa wateja wake. Akisema hapana, chombo kitabaki hapo uani kuanikiwa nguo, na yeye atabaki nyumbani kusubiri wateja wanaozidi kupungua.

Ana miaka hamsini na mmoja. Ni fundi wa vyerehani, na hapo ndipo matatizo yake na wageni huanzia, maana watu wakisikia hivyo humletea vitambaa.

"Nimeshaletewa mpaka gauni la harusi nilipunguze kiuno," anasema. "Mimi sishoni hata kifungo. Hili gauni nililovaa kashona jirani, na akikosea simwambii, kwa sababu na mimi mashine yake nilishawahi kuikosea."

Kazi yake ni kuzitengeneza mashine zenyewe. Jina la Mama Bobini alipewa na wateja. Bobini ni kile kijigurudumu cha uzi wa chini, na kila akipigiwa simu kwamba mashine imekufa, swali lake la kwanza ni lile lile: bobini umeiangalia? Anasema nusu ya mashine alizoitiwa zikiwa zimekufa zilikuwa na uzi tu uliojikunja mle ndani. Angeweza kunyamaza na kutoza hela ya ufundi, lakini hajawahi.

Ufundi huo aliupata katika kiwanda cha mashati, alikofanya kazi miaka kumi na mmoja. Walikuwa mafundi sita, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Siku moja robota la vitambaa liliporomoka kutoka juu ya rundo na kumwangukia mguu wa kushoto. Goti halikunjiki tena mpaka leo, na kuanzia hapo kwenda chini hakuna hisia.

"Unaweza kunichoma sindano hapa na mimi nikaendelea kukupa habari," anasema, akigonga muundi wake kwa bisibisi.

Kiwanda kilimwachia sanduku la vifaa na barua ya shukrani. Barua hajui iko wapi. Sanduku analo.

Tangu hapo alianza kuwafuata wateja majumbani na kwenye vibanda vyao, na mtu wa kumfikisha alikuwa mumewe. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Asubuhi alimpakia mkewe kwenye keria ya baiskeli, akalining'iniza sanduku kwenye usukani, akamshusha kwa mteja, akaenda kupaka kuta zake, kisha jioni akampitia. Hivyo hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Mguu usiokunja goti ulikaa umenyooka pembeni. Kwenye kona ilibidi mumewe apinde kwa mbali, na sokoni alipiga kelele watu wapishe.

"Nilikuwa na upana wa gari dogo," anasema Mama Bobini. "Mahali popote tulipokwenda, mguu wangu ulikuwa unatangulia kufika."

"Na ulikuwa hausalimii," anadakia mumewe kutoka mlangoni.

Mtaani watu walimbandika jina la Dereva, na hata watoto wao wawili, ambao sasa wana maisha yao mbali, wakipiga simu huuliza kwanza kama Dereva amekula. Yeye mwenyewe analipenda hilo jina kuliko la kwenye kitambulisho.

Mwaka jana Dereva aliishiwa nguvu. Walikuwa wanapanda kilima kinachotenganisha mtaa wao na upande wa pili wa mji, akasimamisha baiskeli, akamwambia mkewe ashuke, kisha akakaa chini barabarani kama mtu aliyechoka kungoja. Kliniki walisema moyo umepanuka. Atembee, tena atembee kila siku, lakini asinyonge baiskeli wala asibebe mzigo. Na rangi za kupaka aachane nazo.

Mama Bobini anasema siku hiyo hakulia kwa sababu alikuwa anahesabu. Kabla ya hapo alikuwa akihudumia mashine kumi na nne kwa wiki. Mwezi uliofuata zilikuwa nne, zile tu zinazoweza kubebwa kichwani na kuletwa mlangoni kwake. Mashine kubwa za kiwandani, zenye meza yake na mota yake, hazibebeki.

Alijaribu pikipiki za kukodi. Wengine walimtoza nauli ya watu wawili, mmoja yeye na mmoja mguu. Wengine walimtazama wakasema wana abiria mbele. Safari moja ya kwenda ng'ambo ya kilima na kurudi ilikula zaidi ya nusu ya malipo ya mashine moja. Kisha kuna yule kijana aliyekata kona kwa karibu, mguu ukagonga nguzo. Mama Bobini hakujua mpaka alipoona damu kwenye kiatu.

"Hapo ndipo nilipokasirika," anasema. "Si kwa kijana, maskini, aliomba radhi mpaka nikamhurumia. Nilikasirika kwamba mguu ni wangu, na habari zake naletewa na kiatu."

Pikipiki ya dukani haikuwa jibu, hata pesa ingekuwepo. Gia zake hubadilishwa kwa mguu wa kushoto. Ili kuipiga teke iwake kwa mguu wa kulia, lazima kwanza usimame imara kwa wa kushoto. Alichohitaji ni chombo kisicho na gia, kinachowashwa kwa mkono, na kinachokubali mguu mmoja ukae tu ukitazama.

Chombo hicho alikikuta chini ya kuku.

Alikuwa ameitwa na mkulima mmoja wa mboga kutengeneza mashine ya mke wake. Kwenye kibanda cha vifaa akaona pampu ya kumwagilia maji, ganda lake limepasuka, na juu yake kuku ametaga. Pampu ilikuwa imekufa, lakini injini yake ndogo ya petroli ilikuwa nzima. Aliuliza inawashwaje. Mkulima akamwonyesha kamba: unashika, unavuta, inawaka.

"Nilimwambia, hela yako kaa nayo, mimi nipe hiyo injini," anakumbuka. "Akaniuliza na kuku je? Nikamwambia kuku wewe mwenyewe utaongea naye."

Kupata fremu kulikuwa kugumu zaidi. Kwa wauza vyuma chakavu alizunguka wiki tatu. Fremu za pikipiki zilikuwa juu mno kwake, hangeweza kuuvusha mguu. Alihitaji kitu cha chini, alichozoea kukipanda. Hakusema zaidi ya hapo, kwa sababu alichozoea kukipanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani nyumbani, na mwenye nacho alikuwa akikipangusa vumbi kila Jumapili ingawa hakiendi kokote.

Asubuhi moja alipofika kwa mchomeleaji, jirani wa nyumba ya tatu na rafiki wa miaka mingi wa mumewe, aliikuta baiskeli ile pale. Magurudumu yameshatolewa.

"Mzee aliileta mwenyewe, anaisukuma," anasimulia mchomeleaji. "Akaniambia, ikate. Nikamwambia sikati kitu mpaka shemeji aseme. Akaniambia, shemeji yako hatasema, ndiyo maana nimeileta."

Dereva anaeleza jambo hilo kwa maneno machache. "Mimi siendeshi tena. Ingekaa pale ukutani ikinitazama mpaka lini?"

Mama Bobini anakiri kwamba alilia. Alilia mbele ya mchomeleaji, mbele ya wateja wa mageti na madirisha, kisha akafuta uso kwa kitambaa cha mafuta ya mashine na kuchora kwa chaki mahali pa kukata.

Mambo mengine aliyatatua kwa akili ya cherehani, maana ndiyo aliyonayo. Hakuwa na klachi, kwa hiyo alitumia mkanda na kigurudumu kidogo kilichofungwa kwenye mkono wa chuma. Akiuvuta mkono huo, kigurudumu kinaukaza mkanda na pikipiki inaondoka. Akiuachia, mkanda unalegea na injini inanguruma peke yake. Breki ya mbele iko kwenye mkono, ya nyuma iko kwenye mguu wa kulia. Mguu wa kushoto umetengenezewa kiegemeo kirefu cha bati nene na mkanda wa kuufunga. Taa ya mbele ilikuwa taa ya kumulikia sindano, na alijivunia sana.

Akili hiyo hiyo ya cherehani ndiyo iliyomwaibisha.

Kwenye cherehani gurudumu la mkono liko kulia, na huzungushwa likija upande wa mshonaji. Ukilizungusha kinyume, uzi unafunga mafundo na sindano inaweza kukatika. Kwa miaka thelathini vidole vya Mama Bobini havijui mwelekeo mwingine. Kwa hiyo alipoifunga injini kwenye fremu, aliiweka puli kulia, ikizunguka kuja kwake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ilionekana tu ndiyo adabu ya mashine.

Wakaliinua gurudumu la nyuma juu ya matofali, wakawasha. Gurudumu likazunguka laini, bila kuyumba. Dereva alipiga makofi. Mchomeleaji alipiga mluzi. Kati ya watu watatu wazima hapakuwa na hata mmoja aliyejiuliza linazunguka kwenda wapi.

"Akapanda," mchomeleaji anaendelea, na hapa inabidi aweke spana chini ili asimulie vizuri. "Akajiweka sawa, akatutazama kama rubani. Akavuta ule mkono. Pikipiki hiyooo, kinyumenyume! Ikapita kwenye kamba ya nguo, ikachukua shuka, ikaingia kwenye madirisha yangu. Matatu yamepinda. Nikamwambia, shemeji, wenzako wanaanza na gia ya kwanza, wewe umeanza na ya kurudi nyuma!"

Hakuumia. Alicheka mle mle ndani ya shuka mpaka akaishiwa pumzi. Lakini siku mbili zilizofuata hakuigusa pikipiki wala kuizungumzia.

"Nilijiuliza kama najua chochote," anasema. "Kama ninachokijua ni kitu kimoja tu maishani, na nimekipeleka mahali pasipo pake. Umri huu, mbele za watu. Niliona haya sana."

Siku ya tatu aliigeuza injini. Puli ikahamia kushoto, pikipiki ikaenda mbele kama zinavyokwenda nyingine, na tatizo jipya likazaliwa. Bomba la moshi sasa lilielekea mguu wa kushoto, mguu usiosikia kitu. Wiki moja baadaye, katika kuzunguka uwanja wa nyuma ya nyumba, Dereva alimpigia kelele asimame. Alikuwa amenusa kitambaa kinaungua. Upindo wa suruali ulikuwa umeshakuwa mweusi, na ngozi chini yake ilikuwa imeanza kubabuka.

Walilipinda bomba chini ya fremu na kufunga bati la kinga. Tangu siku hiyo kuna jambo Dereva hulifanya kila mara mkewe anapopanda. Huinama, huweka kiganja chake juu ya bati, hukiacha hapo kidogo, kisha husema, "Sawa." Injini ikiwa baridi pia hufanya hivyo. Mama Bobini ameacha kumwuliza kwa nini.

Kilichowaharakisha mpaka kwa mkaguzi ni ushirika wa washonaji ulioko ng'ambo ya kilima. Wana mashine ishirini na mbili na hushona sare za shule. Ndio mteja mkubwa kuliko wote aliowahi kuwa naye. Mwenyekiti wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na msimamo usiotikisika, alimpigia simu wiki tatu zilizopita.

"Dada fundi, sisi tunakupenda," alimwambia, "lakini mashine haziponi kwa kupendwa. Mwisho wa mwezi huu tutatafuta mtu anayefika."

Kliniki ya Dereva iko barabara ile ile, hatua mia mbili kabla ya ushirika. Hupaswa kwenda kila baada ya wiki mbili, na mara tatu mfululizo hajaenda. Huo ndio mpango mzima wa Mama Bobini: ampakie mumewe nyuma, amshushe kliniki, atengeneze mashine, ampitie warudi. Keria ya baiskeli ile hakuikata. Aliiacha nyuma ya kiti chake na kuiwekea mto.

Pikipiki isiyokaguliwa hairuhusiwi barabarani, kwa hiyo saa tatu mchomeleaji analeta mkokoteni wake wa kubebea vyuma. Pikipiki inapakiwa, sanduku la vifaa likiwa mbele ya tangi, na kufungwa kamba. Mama Bobini anapakiwa pembeni yake, mguu umetangulia. Dereva anatembea nyuma, mikono mgongoni, akiambiwa kila baada ya hatua chache asithubutu kusukuma.

Uwanja wa ukaguzi uko kilomita moja na nusu. Mkaguzi ni mwanamume mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni. Anautazama mkokoteni, anamtazama mchomeleaji. "Wewe ndiye umeitengeneza?" Mchomeleaji anaonyesha kwa kidevu. Mkaguzi anamtazama Dereva. Dereva naye anaonyesha kwa kidevu. Mkaguzi anavaa miwani.

"Haya, mama. Nieleze."

Anamweleza. Mkaguzi analala chini kwenye zege na shati lake jeupe, akiangalia mkanda, mnyororo, maungio ya fremu. Sauti yake inatokea huko chini.

"Mkanda huu ukikatika uko mlimani?"

"Injini itaendelea kunguruma, mimi nitashika breki hii na hii, nitasimama kwa mguu wa kulia. Kisha nitafunga mwingine." Anautoa mkanda wa akiba kwenye begi na kuuinamisha mpaka chini ili auone.

"Dakika ngapi?"

"Saba. Nikiwa na hasira, tano."

Mkaguzi anainuka bila kucheka, lakini anajipangusa vumbi polepole kama mtu ambaye hana tena haraka ya kumaliza. Anamwagiza aizungushe uwanjani na asimame atakaposikia filimbi. Mama Bobini anavuta kamba, injini inawaka, anazunguka mara mbili akiwa ameuma midomo. Filimbi inalia. Mkaguzi anapima kwa hatua zake: nne. Anamwambia arudie. Nne tena.

"Nzuri," anasema. Kisha anaiona keria yenye mto. "Na huku nyuma anakaa nani?"

"Mume wangu. Nampeleka kliniki."

Mkaguzi anaingia stoo, anarudi na viroba viwili vya mchanga, anavifunga juu ya mto. Mama Bobini anazunguka tena. Safari hii gurudumu la mbele linatafuta njia kushoto na kulia. Filimbi inalia. Mkaguzi anapima: hatua kumi na moja. Wanarudia. Kumi. Dereva, aliyekaa kivulini kwenye benchi, amesimama.

Ofisini mkaguzi anakaa robo saa, na anapotoka ana karatasi mkononi. Kwenye fomu, mahali pa kiwanda kilichounda chombo, anauliza aandike nini. "Andika uani," anasema mchomeleaji, na mkaguzi anaandika kweli. Kisha anamgeukia Mama Bobini.

"Peke yako, ruhusa. Miezi mitatu ya majaribio, mchana tu, kasi isizidi kilomita thelathini kwa saa. Hiyo taa ya cherehani toa, weka taa ya pikipiki. Kupakia mtu, hapana."

"Lakini huyo mtu ndiye sababu ya mimi kuiunda."

"Ndiyo maana nakukatalia, mama. Mtu mwenyewe umemtazama?"

Mama Bobini anataka kujibu. Mdomo umeshafunguka. Dereva anamgusa bega.

"Amesema kweli," anasema. "Chukua karatasi yako."

Anaichukua. Amepata alichokuja kukitafuta, na amenywea kama aliyemwagiwa maji. Baadaye, akiwa amekaa kwenye benchi huku mchomeleaji akiondoka na mkokoteni wake mtupu, anasema jambo ambalo si rahisi kwa fundi kulisema.

"Niliisikia fremu ikilia. Kwenye zile kona, viroba vikiwa nyuma. Niliisikia kabla mkaguzi hajapima hatua hata moja. Nilikuwa naomba tu yeye asisikie." Anaikunja karatasi mara mbili. "Ningempakia. Mkaguzi angeniruhusu, ningempakia hivyo hivyo, na masikio yangu haya yamesikia."

Safari ya kurudi inaanza kwa mwendo wa ajabu. Mama Bobini, mwenye ruhusa ya kwenda kilomita thelathini kwa saa, anaendesha kwa kasi ya mtu anayetembea, kwa sababu kuna mtu anatembea pembeni yake. Anaukaza mkanda, anaulegeza, anaukaza. Mpira unaanza kunuka. Watu dukani wanageuka kutazama chombo kinachonguruma hivyo na kisichofika.

"Mama, utaua mkanda," anasema Dereva.

"Ninao wa akiba."

"Nenda basi. Unanisindikiza kama mgeni."

"Sina haraka."

Wakiwa nusu ya njia simu inalia. Ni mwenyekiti wa ushirika. Mashine tatu zimesimama tangu asubuhi, na sare ni za kukabidhiwa kesho kutwa. Anataka kujua, bila kumkera, kama fundi anafika leo au amwite mwingine.

Mama Bobini ameweka simu sikioni na macho yake yako kwa mumewe. Dereva ameshaanza kulifungua sanduku la vifaa kutoka mbele ya tangi. Analihamishia kwenye keria, juu ya mto ule, analifunga kwa kamba, analivuta kuona kama limekaza.

"Mwambie unakuja," anasema.

Kabla ya kuondoka, Mama Bobini anamweleza mwandishi mipango yake haraka haraka, kama mtu anayeacha maagizo ya nyumbani. Malipo ya mashine hizi tatu yatanunua taa. Ya wiki ijayo yatanunua bomba nene la kuimarisha nyuma, na kwa wauza vyuma chakavu ameshaona breki ya pikipiki kubwa, imetupwa tu, hawajui ni nzima. Miezi mitatu ikiisha atarudi kwa mkaguzi na viroba vyake mwenyewe vya mchanga.

"Hatua nne," anasema. "Na yeye nyuma, hatua nne. Zikiwa tano simpandishi."

Wiki hii kliniki Dereva atakwenda kwa pikipiki ya kukodi. Hilo nalo ameshalipanga, na halina mjadala.

Dereva anainama, anaweka kiganja kwenye bati la kinga. Safari hii anakitoa upesi, maana limepata moto. "Sawa," anasema. Mama Bobini anavuta mkono wa mkanda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo pikipiki inakwenda kwa kasi iliyoundiwa. Inapita duka, inapita ukuta mrefu wa bohari, inaanza kupanda kilima.

Mumewe hajaondoka pale alipoachwa, katikati ya kijia. Mwandishi anamwuliza kama kukatazwa kupakiwa kumemuuma.

"Unajua, miaka kumi na tisa alikuwa nyuma yangu," anasema. "Nilikuwa namsikia. Anaongea, anacheka, ananiambia pinda huku. Lakini sikuwa namwona, mimi natazama barabara." Ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua, na huko juu gauni la Mama Bobini limebaki doa dogo, halijapinda kulia wala kushoto.

"Kumbe anakaa wima hivyo," anasema.